Simu ni ya mama: tovuti ya habari kwa binti wa Chepkoilel

Binti wa Gredi ya 6 anayeishi Chepkoilel, kilomita 9 hivi kutoka katikati ya Eldoret kwenye barabara ya Ziwa, kwa kawaida huingia intaneti kwa simu isiyo yake. Shuleni haruhusiwi kubeba simu. Nyumbani huipata ya mama jioni, vyombo vikishaoshwa, kwa dakika chache na kwa bando alilolipia mtu mwingine. Wanaopanga kurasa za wasichana wa miaka 9 hadi 12 mara nyingi huanza na rangi: waridi, maua, herufi za mviringo. Naona wanaanzia pasipofaa. Tovuti ya habari itakayompendeza binti huyu ni ile iliyoundwa kwa ajili ya simu ya kuazima, kwa sababu mtoto hurudi mahali ambapo hakukwama, hakuona haya, wala hakugombezwa kwa kumaliza bando.

Waliofaulu hapa kwetu na kwa jirani walianza na njia ambayo msomaji tayari anayo. Shujaaz ilipoanza nchini Kenya mwaka 2010, kitabu chake cha vibonzo kiligawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, huku hadithi zilezile zikisikika redioni. Lakini mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana wa miaka 19 anayezungumza Sheng na kuhangaikia kipato. Mtoto wa miaka 11 akiisoma, anasikiliza mazungumzo ya kaka zake. Chapa ya “Ni Nyampinga” ya Rwanda, iliyoanza mwaka 2011, inamkaribia zaidi. Ililenga wasichana wa miaka 10 hadi 19, ikatumia jarida na redio pamoja, na walioiandika walikuwa wasichana wenyewe waliofunzwa uandishi wa habari. Jarida na redio vina sifa moja ambayo tovuti huipoteza kwa urahisi: watu kadhaa huvitumia kwa pamoja, na hakuna anayeulizwa jina lake kwanza.

Hapo ndipo ufundi unapohitajika. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 2.5 humaliza bando la megabaiti 20 kwa kufunguliwa mara 8; ukipunguzwa hadi kilobaiti 200, bando hilohilo linafungua kurasa 100. Picha moja iliyobanwa vizuri inatosha kwa habari moja, na video isijianzishe yenyewe kamwe. Ukurasa usomeke hata pale ambapo programu ndogo zilizomo ndani yake hazifanyi kazi sawasawa, kama kwenye Opera Mini, ambayo hupunguza data kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake. Kiswahili nacho kina mahitaji yake: neno kama “waliotunukiwa” hukatika vibaya kwenye skrini nyembamba herufi zikiwa kubwa mno, kwa hiyo vichwa vya habari viwe vifupi na vipangwe kuanzia kushoto. Na pasiwe na kujisajili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Njia salama ni kutokusanya chochote. Hata maswali ya mwili na hedhi yasijibiwe kwa ujumbe, maana ujumbe utafika kwa mwenye simu. Yaandikwe kwenye karatasi bila jina, yatiwe kwenye sanduku shuleni, kisha jibu lichapishwe kwa wote. Kila muulizaji atalikuta, na hakuna atakayejulikana.

Kuna watakaosema wasichana wa umri huo wanataka mitindo na wasanii, wala si habari. Hoja hiyo inawadharau. Tarehe 5 Julai 2025, mjini Eugene nchini Marekani, Beatrice Chebet alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14, na siku hiyohiyo Faith Kipyegon akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500. Kurasa za michezo ziliwapa watu wazima sekunde na rekodi. Mtoto anayewaona wanariadha wakipita barabarani alfajiri ana maswali mengine: walianza wakiwa darasa la ngapi, nani aliwanunulia viatu, fedha za ushindi hutunzwa na nani? Swali hilo la mwisho ni zito, kwani linagusa hata usalama wa mwanariadha. Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa Iten Oktoba 2021, na watoto wa eneo hili walisikia. Tovuti yao haiwezi kunyamaza. Ieleze kwa sentensi fupi kilichotokea, isichapishe picha za kutisha, na iweke chini nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Wengine watauliza kwa nini wavulana waachwe nje. Hawaachwi, kwani ukurasa usio na mlango wa kujisajili uko wazi kwao pia; kinachobadilika ni nani anayefikiriwa kwanza mhariri anapochagua habari. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bure. Magazeti yaliiandika kama habari ya bajeti. Kwa binti wa miaka 12 ni habari ya Jumatatu asubuhi: je, shule yangu imepokea, na nimuulize nani?

Pingamizi ninaloliona gumu zaidi ni la fedha. Pasipo usajili, mtangazaji hajui wasomaji ni nani, na mfadhili hutaka takwimu. Ndiyo maana kazi hii ingefaa kuwekwa chini ya taasisi isiyoishi kwa matangazo, na Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa kampasi ya Chepkoilel ya Chuo Kikuu cha Moi, kiko hapohapo na kinafundisha walimu. Wanafunzi hao wa ualimu wangeweza kuandika toleo la wiki pamoja na wasichana wa shule za jirani, wakalichapa pia kwenye karatasi moja ya kubandikwa ubaoni kwa wale ambao simu ya mama haikuwa na chaji. Wasomaji wangehesabiwa kwa maswali yaliyomo sandukuni kila Ijumaa.