Baiskeli Haikupaswa Kupinduliwa

Fundi alipoilaza ile Raleigh nyeusi kwa tandiko na usukani, matairi yakaangalia juu, pedali ya kushoto ilikuwa imeshapotea. Mliokuwa kijiweni mlilaumu kutu. Kutu haina kesi hapa. Pedali ya kulia ilinyeshewa mvua ileile miaka ileile, na ilitoka bila vita. Kazi iliharibiwa na uamuzi wa kuigeuza baiskeli nusu ya kazi ikiwa imekwisha.

Fundi yule anajua vizuri kwamba uzi wa pedali ya kushoto ni wa kinyume. Aliifuata kanuni ambayo kila mwanagenzi hufundishwa: spana ikiwa juu, ivute kuelekea gurudumu la nyuma, kulia na kushoto sawasawa. Kanuni ni sahihi kabisa, lakini ni ya baiskeli iliyosimama kwa magurudumu yake. Ukiipindua, juu imekuwa chini, na kanuni nayo inapinduka: spana iliyoelekea juu sasa inatakiwa isukumwe kuelekea gurudumu la mbele. Yeye aliendelea kuvuta nyuma, na kila alipoongeza nguvu alikuwa anakaza. Alipopumzika, akafuta jasho na kutazama upande wa pili, palikuwa na nafasi ya kujiuliza mbona ile ya kulia ilikubali. Hakujiuliza. Akaomba bomba.

Hesabu ya bomba ni rahisi. Pedali hukazwa kwa nyutoni-mita 35 hadi 40 hivi. Mtu akiweka uzito wa kilo 40 kwenye ncha ya bomba la sentimita 80, anapata zaidi ya 300. Ikitumika kufungua, nguvu hiyo huishinda kutu nyingi. Ikitumika kukaza, huusukuma uzi wa ekseli ndani ya mkono wa pedali mpaka chuma kinaanza kuliwa. Ule mlio mliousikia na kushangilia mkidhani imeachia, ulikuwa wa spana kuteleza na kumega kona za ekseli.

Kuipindua kulimnyima pia uzito wa mwili wake. Baiskeli ikiwa imesimama, unaukanyaga mkono wa upande wa pili, unaipanga spana ikaribiane na mkono unaoufungua, kisha unaviminya viwili hivyo pamoja. Kumbuka kwamba kufungua pedali huuzungusha mkono kinyumenyume, na friwili haizuii chochote kinachorudi nyuma. Bila mguu au kamba ya kuuzuia, unapigana na hewa. Matairi yakiwa juu, mtu wa kushika alikuwa kijana mmoja, na mlimwona alivyokuwa akiburutwa.

Nitarudia jambo ambalo nimelisema mara nyingi, kwa sababu pale kijiweni nililisikia tena likisemwa kinyume. Uzi wa kushoto haukugeuzwa kwa sababu ya msuguano wa gololi. Msuguano huo, kwa pande zote mbili, huvuta kuelekea kufungua, na ni heri, maana gololi zikikwama pedali hufunguka badala ya kukuvunja kifundo cha mguu. Kinachokaza ni mzigo wa mguu unaoizunguka ekseli ndani ya tundu lake. Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, zungusha ncha yake duara, na utaiona penseli ikijizungusha kinyume. Wilbur na Orville Wright walilielewa hilo kwenye karakana yao ya baiskeli huko Dayton, Ohio. Mwaka 1900, kabla ya ndege yao ya 1903, walikuwa wakitangaza pedali isiyojifungua. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki 2008, alilieleza kwa subira kwa yeyote aliyeuliza. Watu kama hao walianza na swali la uzi unaelekea wapi, ndipo wakatafuta spana.

Na spana yenyewe! Spana malaya haina kazi kwenye pedali iliyoganda. Taya zake hulegea chini ya mzigo, na ekseli ya pedali ina bapa mbili tu za kushikwa. Spana nyembamba ya 15, iliyonyooka na ndefu, ndiyo zana yake. Mafundi wa zama za Raleigh niliowatazama nikiwa mdogo walikuwa nayo hata kama sanduku lao halikuwa na kitu kingine, na hakuna pedali waliyoifunga bila grisi. Anayefunga pedali kavu leo anamwachia mwingine kazi hii baada ya miaka 20.

Hata hivyo, tumpe fundi haki yake: mafuta ya taa yaliyolazwa usiku kucha, yakatiwa na kwa nyuma ya mkono pia, yalikuwa kazi safi.

Mkono ule bado unaokoka, mradi msumeno usipite kwenye ekseli. Gonga kotapini itoke, vua gamba la pedali na gololi zake, kisha bana ekseli kwenye jiliwa. Pasha moto jicho la mkono peke yake, haraka, litanuke kabla ekseli haijapata joto. Baada ya hapo, mkono wenyewe ndio uwe mpini wako: simama upande wa nje, ulikokuwa unakaa mguu, na uuzungushe kinyume cha saa. Ekseli ikiwa imebanwa, kuuzungusha mkono hivyo ndiko kufungua.