Njia za Kumfikishia Mwalimu Matunda ya Utafiti: Uhakiki Mfupi

Utafiti wa Kiswahili ni mwingi, lakini aghalabu haumfikii mwalimu wa darasani. Makala haya yanahakiki njia tatu zinazotumika kuusambaza.

Ya kwanza ni jarida la kitaaluma, kama vile Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hadhi yake haina shaka. Hata hivyo, humo mtafiti huzungumza na mtafiti mwenzake. Mwalimu ni msikilizaji wa pembeni.

Ya pili ni orodha ya istilahi, mathalani Tafsiri Sanifu za BAKITA. Orodha ni rahisi kutumia, ila neno humfikia mtumiaji bila maelezo ya kwa nini limeteuliwa.

Ya tatu ni kamusi. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, inafafanua dhana za isimu kwa Kiswahili chenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zile mbili, kwani inampa mwalimu neno pamoja na maana yake.

Hata hivyo, zote tatu zina kasoro moja: huanzia kwa mtaalamu na kuishia kwa mwalimu. Tuchukue mfano wa ngeli. Anayefuata umbo la nomino huiweka "kiboko" katika KI-VI. Anayefuata upatanisho wa kisarufi husema mnyama ni A-WA (kiboko mkubwa), na fimbo ni KI-VI (kiboko kirefu). Hapa Uganda tunatumia vitabu vya Kenya na vya Tanzania kwa pamoja, hivyo mwanafunzi huweza kukosa alama kwa jibu ambalo kitabu chake kinaliunga mkono. Mwalimu anaujua mkanganyiko huu vizuri, lakini nani humwuliza?

Suala hili ni zito zaidi tangu mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Napendekeza kila tasnifu ya uzamili iambatane na kurasa mbili za Kiswahili chepesi kwa walimu, zijadiliwe nao shuleni, na maswali yao yarejeshwe idarani yawe mada za utafiti mpya. Mkulima hupanda, lakini mlaji ndiye ajuaye kama chakula kimeiva. Tusimwache nje ya jiko.