Bishoo Hana Mtetezi

Kiswahili kina majina mengi ya mwanaume anayependa kuvaa, na karibu yote yana kicheko ndani yake. Kaka zetu wakubwa walimwita brazameni. Baadaye akawa bishoo, akawa bitozi, kisha ikaja zamu ya sharobaro, ambaye hata kutembea kwake kulikuwa kichekesho. Neno pekee lililobaki na heshima ni mtanashati, nalo siku hizi unalisikia zaidi kwenye wasifu wa marehemu. Mwanaume akipendeza sana, swali la kwanza mtaani ni analala wapi na jana alikula nini.

Swali hilo lina ukweli wake. Sote tunamjua mtu mwenye raba ya laki tatu na kodi ya miezi minne. Lakini nimechoka kuona linavyotumika kufunga mjadala, kana kwamba kupenda chapa ni ugonjwa wa maskini tu, na dawa yake ni mawaidha. Nimesoma vitabu viwili kuhusu mabishoo maarufu kuliko wote barani, wale sapeur wa Brazzaville na Kinshasa. Kimoja kinawapenda mno, kingine kinawashuku mno, na katikati yao kuna jambo ambalo nadhani sisi wa Dar es Salaam tunalijua vizuri kuliko waandishi wote wawili.

Cha kwanza ni cha picha, "Gentlemen of Bacongo", cha Mwitaliano Daniele Tamagni, kilichotoka mwaka 2009. Bacongo ni kitongoji cha Brazzaville. Ukishakiona huwezi kusahau jalada lake: mwanaume wa suti ya pinki na kofia ya mviringo nyekundu, sigara kubwa mdomoni, anakatiza mtaa kama aliyeununua. Picha ni nzuri, sitabishana na hilo. Tamagni aliwapiga mabwana hawa wakiwa wima, wakijitazamisha wenyewe, bila huruma ile ya kutafuta nzi usoni mwa Mwafrika. Utaona nidhamu yao pia: rangi zisizidi tatu kwa vazi moja, soksi zizungumze na tai, kiatu king'ae hata kama barabara ni ya vumbi. La Sape, kwa kirefu "Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes", si fujo ya rangi. Ina sheria kali kuliko za ofisi nyingi ninazozijua.

Shida yangu na kitabu hiki ni kwamba hakuna anayelipa. Suti zipo, viatu vya J.M. Weston vipo, bei haipo. Nguo zimeshuka kama mvua. Ndiyo maana, nadhani, kitabu kilisafiri kirahisi hivyo. Dibaji yake iliandikwa na mbunifu Mwingereza Paul Smith, ambaye mavazi yake ya kiangazi cha 2010 yalichota rangi humo humo. Mwaka 2014 kampuni ya Guinness ikawatia sapeur kwenye tangazo la bia. Hebu fikiria mzunguko huo. Kijana wa Bacongo anahangaika kununua suti ya Ulaya, Ulaya inampiga picha, inachukua rangi zake na kuzishona upya, halafu inamuuzia tena. Nani basi ni orijino hapo, na nani kopi?

Kitabu cha pili ni riwaya, "Bleu-Blanc-Rouge" ya Alain Mabanckou, ya mwaka 1998. Humu bei ipo kila ukurasa. Moki ni kijana wa Kongo aliyekwenda Ufaransa, na kila anaporudi likizo mtaa mzima unasimama. Anabadilisha mavazi, anazungumza Kifaransa kilichopigwa pasi, nyumba ya baba yake inang'aa kuliko zote. Msimulizi, Massala-Massala, anamfuata Paris. Huko anakuta Moki analala sakafuni kwenye chumba walichokivamia, amebanana na wenzake, na fedha za suti zinatoka kwenye hundi za wizi na vitambulisho vya bandia. Massala-Massala naye anaingizwa kazini, anakamatwa, anafungwa, anarudishwa kwao kwa ndege.

Kuna sehemu moja ya riwaya hiyo iliyonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Vijana hawa wanagawa Waafrika wa Ufaransa mafungu mawili: mtu wa Paris na mshamba. Mtu wa Paris ndiye sapeur. Mshamba ni yule mwanafunzi wa chuo aliyepangiwa mji wa mikoani, anayesomea shahada zake akiwa na koti moja, na ambaye akirudi nyumbani hakuna anayekwenda kumpokea. Mwanafunzi wa uzamili mwenye suruali mbili za kadeti hana haja ya kuuliza yeye ni fungu gani.

Mabanckou anaona kile ambacho kamera ya Tamagni haikutaka kukiona: kwamba nyuma ya lebo kuna viza. Suti ilikuwa ushahidi kwamba umefika. Hilo si la riwayani tu. Papa Wemba, mwanamuziki aliyeipa La Sape sauti yake, alitiwa hatiani na mahakama ya Ufaransa mwaka 2004 kwa kuwaingiza watu nchini humo kinyume cha sheria, wakipita kama wanamuziki wa bendi. Lakini riwaya nayo ina upungufu wake, na sijaona watu wakiusema. Ndani yake, furaha ya kuvaa wamepewa waongo peke yao. Hakuna mtu mmoja anayependa kitambaa kwa sababu kinapendeza. Koti ni chambo, basi, na anayelimeza amekwisha. Ni mahubiri yale yale ya mtaani kwetu, yameandikwa kwa Kifaransa bora.

Historia haikubaliani na mahubiri hayo. Zaire ya Mobutu miaka ya 1970 iliipiga marufuku tai. Mwanaume aliyestaarabika alitakiwa kuvaa abacost, lile koti lisilo na kola ya tai ambalo jina lake lenyewe linasema suti na ianguke. Kijana wa Kinshasa aliyepita na koti la Ulaya na tai shingoni alikuwa anapinga kitu, hata kama mwenyewe angekwambia anavaa tu. Nasi tulikuwa na yetu. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa adui wa taifa. Miaka michache tu baadaye wajomba zetu walikuwa wanafagia barabara kwa pekosi na bugaluu, wamepanda juu ya raizoni. Sijui serikali iliyowahi kushinda vita na suruali.

Ila ukitaka kuelewa chapa pwani hii, Kongo hutafika mbali nayo. Anza na merikani. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na watu wakakipa jina la kilikotoka. Kilikuwa kigumu, kilidumu, na misafara ya kwenda bara ilikibeba kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na merikani ikaadimika, wafanyabiashara walileta vya kufanana kutoka Uingereza na India. Wanunuzi wa bara hawakuwa wajinga. Walishika, walivuta, walilinganisha. Mwisho wa karne viwanda vya Bombay vilikuwa vimeliteka soko, na kitambaa kikaendelea kuitwa merikani hata kiliposhonwa nyuzi zake India. Jina la chapa lilibaki, bidhaa ikabadilika. Mjadala wa orijino na feki ulikuwepo Afrika Mashariki kabla ya reli.

Na merikani hiyo hiyo ina upande wa pili. Huku bara ilikuwa utajiri. Zanzibar mjini ilikuwa nguo ya watumwa. Kanzu, kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanaume waliotoka utumwani waliingia kwenye kanzu na kofia, na wanawake wakaingia kwenye kanga. Walitumia walichokuwa nacho kununua mwonekano waliokuwa wamenyimwa. Nani leo atasimama na kuwaita malimbukeni? Tungeona aibu. Lakini sentensi hiyo hiyo tunaisema bila aibu kwa kijana wa Tandika mwenye raba ya Jordan.

Nataka kukaa kidogo na kijana huyo, kwa sababu hata raba yake hatuijui vizuri. Mtu anayenunua Karume au Manzese ananunua bila risiti, bila dhamana, bila kioo cha maana. Belo limefunguliwa alfajiri, walioanza wamechukua vilivyo bora, na kila saa inayopita rundo linashuka hadhi. Nairobi, kule Gikomba, wamelipa hata majina: kamera ni yale mazuri ya mwanzo, fagia ni yaliyobaki chini. Katika soko la namna hiyo lebo ndiyo karatasi pekee nguo iliyosafiri nayo. Inasema imeshonwa wapi, ina sufu kiasi gani, ifuliwe vipi. Kuisoma ni ujuzi. Nimewaona wauzaji ambao hawajavuka Chalinze wakimtenga Hugo Boss wa kweli na wa uongo kwa kupitisha kidole kwenye bitana, wanatazama upande wa ndani kwanza, kwa sababu upande wa nje kila mtu anaweza kuuiga. Huo si ushamba wa chapa. Ni elimu ya kitambaa, nayo haina cheti.

Zipo hoja nzito dhidi ya mitumba yenyewe, na sizipuuzi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika serikalini kwao. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya ushuru ya AGOA. Ukiisoma habari hiyo unaona kwamba aliyeshikilia mtumba usiondoke hakuwa bishoo wa Tandika. Ila yeye ndiye tunayemsema.

Sasa nifike kwa watu wangu, maana kelele kubwa dhidi ya lebo siku hizi sizisikii kwa wazee. Nazisikia kwetu, wasomi vijana. Mtindo wa kiume uliotushika ni ule wa kutokuonyesha kitu: shati la kitani rangi ya mchanga, suruali pana, moka bila soksi, hakuna jina popote. Tunasema chapa ni za washamba. Ukiuliza shati limetoka wapi utaambiwa kuna fundi, na fundi huyo humpati kirahisi, na bei yake hutajiwi mbele za watu. Hiyo nayo ni lebo, imehamishwa tu kutoka kifuani kwenda kwenye mazungumzo. Na ina ukatili ambao ile ya kifuani haina, kwa sababu ya kifuani kijana wa Tandika anaweza kuinunua, hata kama ni kopi namba moja. Hii ya kwetu lazima uzaliwe karibu nayo, au ufundishwe na mtu aliyezaliwa karibu nayo.

Aliyenifanya nilione hivyo ni mwenzangu wa darasani, kijana mwenye akili kuliko wengi wetu. Tulikwenda pamoja kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika jengo moja refu mjini. Mimi nilipita. Yeye, aliyekuwa na sendozi, aliambiwa na mlinzi kwamba wanaoleta mizigo wanapita nyuma. Hakubishana. Wiki iliyofuata alikuja chuoni na viatu vyeusi vyenye jina kubwa la Kiitaliano ubavuni, herufi zake zimekaa upande kidogo. Wenzetu walimcheka mpaka jioni, na aliyecheka zaidi ni yule wa shati la kitani. Mlinzi hakumcheka. Alimfungulia lango la mbele na kumwita bosi.

Viatu hivyo vilikuwa feki, bila shaka. Vilimgharimu elfu thelathini na tano baada ya kupatana sana, aliniambia mwenyewe, na gundi ya soli iliachia kabla mafunzo hayajaisha. Akaenda kwa fundi viatu akashonewa soli ya tairi, ile ya katambuga. Jina la Kiitaliano likabaki ubavuni. Anavivaa mpaka leo.