Kumbukumbu, Memori na Ramu: Istilahi za Kompyuta Mbele ya Kaunta

Desturi yetu, tunapoikosoa istilahi, ni kuuliza imetoka wapi. Utaratibu unajulikana kwa kila aliyewahi kukaa katika kamati: kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ndipo hukopwa kutoka lugha za kigeni. Utaratibu huu una busara yake, nami sina nia ya kuubeza. Lakini hausemi lolote juu ya mahali ambapo neno litakwenda kufanya kazi. Katika makala haya nataka kuzichukua istilahi chache za sehemu za kompyuta na kuzipeleka mahali ambapo kosa la istilahi hulipiwa kwa fedha taslimu, yaani mbele ya kaunta ya duka.

Sababu ya kuandika ni ya nyumbani. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita, aliweka akiba kwa miaka miwili kutokana na ujira wa kufundisha masomo ya ziada. Nia yake ilikuwa kujiundia kompyuta ya michezo ya video: si kuinunua ikiwa imekwisha kuunganishwa, bali kununua sehemu mojamoja na kuziunganisha mwenyewe, ili kila shilingi iende pale inapohitajika zaidi. Uchaguzi wake ulikuwa mzuri, na ninausifu bila upendeleo. Alichagua prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022 na ambayo huuzwa pamoja na feni yake. Kadi ya Radeon RX 6600 ya mwaka 2021. Ubao wa aina ya AM4, ambao si wa kisasa kabisa na kwa hiyo bei yake imeshuka. Vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja. Diski ya SSD ya GB 500. Pawa saplai ya wati 550. Na kasha la bei nafuu lisilo na mapambo. Orodha hiyo ilikuwa kwa Kiingereza. Mama yake, dada yangu, ndiye aliyeshika fedha, na kwa haki kabisa alitaka kujua kinachonunuliwa. Nikaombwa, mimi mtafsiri wa siku nyingi, niigeuze kwa Kiswahili sanifu.

Niliigeuza. Kijana akasafiri, na dada akaenda Kariakoo peke yake akiwa na karatasi yangu mkononi.

Katika karatasi ile niliandika "Kumbukumbu: GB 16" na chini yake "Hifadhi: GB 500". Kwa kamusi, sikukosea hata nukta. Kumbukumbu ni ile sehemu ambamo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi wakati huo, na ambayo husahau yote umeme unapozimwa. Hifadhi ni pale vitu vinapokaa hata umeme ukizimwa. Lakini muuzaji aliposoma "kumbukumbu" alilitafsiri neno hilo, kama ambavyo Mtanzania yeyote angelitafsiri, kuwa "memori". Na memori, kwa lugha ya watu wetu tangu zilipoenea simu zenye memori kadi, ni mahali pa kuwekea picha na nyimbo. Memori ya mtaani ndiyo hifadhi ya kamusi. Muuzaji akacheka kwa upole: "Mama, GB 16 siku hizi haitoshi kitu, chukua hii ya 256, bei yake haipishani sana." Dada akafurahi kwa kuongezewa. Kisha akachukua na ile ya GB 500. Akarudi na diski mbili na bila kijiti hata kimoja cha ramu.

Kijana aliporudi na kuunganisha alivyovikuta, feni zilizunguka, taa ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi, kwani kompyuta isiyo na ramu haina pa kuanzia. Risiti ilikuwa na maneno tunayoyafahamu sote, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Fedha ya ramu ilikuwa imelala ndani ya diski ya pili ambayo hakuihitaji. "Mjomba," akaniambia, "Kiswahili chako kimenigharimu." Sikuwa na jibu.

Ni rahisi kumlaumu muuzaji, au kumlaumu mama kwa kutojua. Mimi naona kosa ni la istilahi, na la mtafsiri aliyeitumia bila kuangalia ni nani ataisoma. Istilahi zetu nyingi za kompyuta zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya mashine iliyokwisha kuwashwa. Mwaka 2004, mathalani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na kazi ile ilistahili pongezi kubwa. Lakini mtumiaji wa programu kama ile anahitaji maneno ya kufungua, kuhariri, kuhifadhi na kuchapa. Hahitaji kutofautisha kumbukumbu ya aina hii na ile, kwa sababu mtu mwingine amekwisha kumnunulia zote. Mwenye kununua sehemu mojamoja yuko katika hali nyingine. Kwake yeye istilahi mbili zinazokaribiana ni vitu viwili vyenye bei mbili, na kimojawapo hakitaingia mahali pake.

Kwa hiyo napendekeza waziwazi kwamba vijiti hivyo viitwe ramu, kama mafundi wanavyoviita, na kwamba neno kumbukumbu libaki darasani kama jina la jumla la dhana, pale mwalimu anapotaka kueleza kuwa ramu na diski zote ni namna za kukumbuka. Najua pingamizi litakalokuja. Watasema ramu ni kileo. Ni kweli, lakini sijapata kusikia mtu aliyekwenda duka la kompyuta akauziwa chupa. Watasema pia kwamba ni herufi za mwanzo za maneno ya kigeni zilizounganishwa. Rada nayo ni hivyo hivyo, leza pia, na hakuna anayeyaonea haya maneno hayo.

Ama kuhusu kichakataji, hali ni tofauti. Neno limeundwa vizuri: kuchakata ni kitenzi hai, twakisikia katika mkonge na katika viwanda vya samaki, na kinapoingia katika habari na takwimu hakipotezi maana. Udhaifu wake hautoki ndani yake bali kwa jirani yake. Nchini mwetu sanduku zima la kompyuta, pamoja na vyote vilivyomo, huitwa sipiyu. Walimu wetu wa kompyuta wamelifundisha hivyo kwa miaka mingi, na matangazo ya mitumba ya ofisini husema "sipiyu" bila kusita. Sasa mtu akieleza kuwa kichakataji maana yake ni sipiyu, kama alivyofanya dada yangu alipoona muuzaji anakunja uso, ataletewa sanduku zima. Aliletewa kweli, tena lenye vumbi. Aliokoka kwa sababu karatasi ilitaja jina la Ryzen, na sanduku lile halikuwa na jina hilo. Ningewaomba walimu walirudishe neno sanduku, au kasha, mahali pake. Sipiyu ikishatua mzigo huo, kichakataji na prosesa vinaweza kuishi pamoja kama visawe bila kugombana.

Kadi ya michoro ndiyo istilahi iliyonisumbua kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bajeti. Katika kompyuta ya michezo, hii ndiyo sehemu ya kupewa fedha nyingi, na nyingine zote hupunguziwa kwa ajili yake. Dada aliposoma "kadi ya michoro" alinipigia simu akiuliza, "Kaka, huyu mtoto anataka kucheza au kuchora?" Alikuwa tayari kuifuta ili abakize fedha. Angefanya hivyo, skrini ingekosa picha kabisa, kwa maana Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake. Ndugu yake anayemalizia kwa herufi G, yaani 5600G, ndiye aliye nayo. Herufi moja tu. Michoro ni neno la karatasi na penseli, na hapa linaficha ukweli kwamba kadi hii ni prosesa ya pili yenye ramu yake yenyewe. Kadi ya picha ni afadhali kidogo. Tena ni vema mtafsiri ajue kuwa kusema "kadi ya GB 8" hakujasema kitu: RX 580 ya mwaka 2017 hupatikana na GB 8, na RX 6600 ina GB 8 vilevile, lakini ile ya zamani imeandikiwa wati 185 na hii mpya 132, na bado mpya huishinda kwa mbali katika kazi.

Ubao mama umedhihakiwa mno, hata na watu wa lugha, kuwa ni tafsiri sisisi. Mimi nautetea. Tunayo kampuni mama na sheria mama, na katika yote mawili mama ni kile ambacho vingine vyote hutegemea. Ubao huu uko hivyo hivyo. Fundi akisema mazabodi, asikemewe, lakini mwandishi wa kitabu cha shule hana haja ya kuuonea haya ubao mama.

Vilevile lugha hufanya kazi yenyewe mahali ambapo hatukuitazamia. Vijiti vya DDR4 na DDR5 vyote vina miguso 288, navyo kwa macho ya haraka hufanana kama pacha. Kinachovitofautisha kwenye ubao ni mkato mdogo ambao hauko mahali pamoja. Mafundi wanauita pengo. Hakuna kamati iliyokaa kwa neno hilo.

Pawa saplai sijaipatia jawabu. Nilijaribu kigeuza umeme, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kuugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa wa volti 12 na chini yake. Lakini kila niliyemwambia alidhani ni stabilaiza au transfoma. Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa katika kitenzi. Niliandika kwamba kifaa hiki "hutumia wati 550". Dada akaogopa LUKU itakwisha kwa wiki moja, akataka chenye wati chache zaidi. Namba ile ni ya kile ambacho kifaa kinaweza kukitoa kwa muda wote, si kile kinachokivuta kila saa. Kadi ya wati 132 na prosesa iliyoandikiwa 65 hazifikii nusu yake. Nilipaswa kuandika "huweza kutoa". Kamusi isingenisaidia hapo.

Baada ya miezi mitatu kijana alipata tena fedha ya ramu. Safari hii niliandika karatasi ya pili: ramu, vijiti viwili vya GB 8, DDR4, na kwa kuwa alikuwa amempata mtu wa kuichukua ile diski ya GB 256, tukaongeza diski moja zaidi ya aina ya M.2. Tulikwenda wote watatu. Fundi aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akaitika kwa kichwa kwenye ramu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa diski na kuniuliza: "Mzee, hii M.2 unataka ya SATA au ya NVMe? Zinafanana, ila tundu la pili la ubao huu linakubali moja tu." Nilimtazama mpwa wangu.