Mkono wa Kushikia Taa

Mpiga picha ana mikono miwili tu, na yote imeshughulika na kamera. Taa nayo inataka mkono wake. Katika studio nyingi mkono huo ni wa kijana msaidizi asimamaye pembeni, akiambiwa "shusha kidogo", "rudi nyuma", "hapo hapo". Asiye na msaidizi hununua mkono wa chuma wenye viungo, akaubana kwenye stendi au ukingo wa meza. Wauzaji huusifu kwa uzito unaoweza kubeba. Mimi, ndugu msomaji, napendelea kuupima kwa jambo jingine: hufanya nini unapotaka kuisogeza taa kidogo tu?

Aina inayopendwa sana na wapiga picha ina viungo vitatu: tufe katika kila ncha, na kiwiko katikati. Wenzo mmoja uliopo kwenye kiwiko huvikaza vyote kwa mpigo, kwani ndani ya kila kipande mna ufito unaosukumwa hadi ukalibana tufe lake. Hapana shaka huu ni ufundi wa kusifiwa. Unalegeza, unapinda utakavyo, unakaza, basi. Mkono umekuwa kama jiwe.

Walakini sifa hiyo ndiyo ila yake. Ukitaka kugeuza ncha peke yake, huna budi kuvilegeza viungo vyote, na taa ikakuangukia kiganjani. Tena kadiri mkono unavyonyoshwa ndivyo mzigo unavyoelemea: kilo 1 ikiwa nusu mita kutoka kwenye kibano huvuta mara mbili zaidi ya ikiwa robo mita. Basi mkono wako mmoja unashika taa, wa pili unakaza wenzo, na kamera haina wa kuishika.

Fikra tofauti na hiyo ilitoka Uingereza. George Carwardine, mhandisi wa mji wa Bath aliyezoea kazi ya springi za magari, alipata hataza mwaka 1932 ya mkono unaosawazishwa kwa springi. Kampuni ya Herbert Terry ya Redditch ikautumia kutengeneza taa ya mezani iitwayo Anglepoise, na mwaka 1935 ikatoa ile ya springi tatu inayojulikana hadi leo. Mkono huo haubani, bali hupima: kadiri uzito unavyovuta chini, ndivyo springi zinavyovuta juu. Unausukuma kwa kidole, unakwenda. Unauachia, unabaki palepale.

Nao una ila yake, na si haki kuificha. Springi zimepimiwa uzito maalumu. Ukiufunga taa nzito kuliko ile iliyokusudiwa, utainama. Ukiifunga nyepesi mno, utapanda wenyewe. Wenzo haubagui namna hiyo.

Sasa tutazame kinachopotea au kuokolewa. Mzee ameketi kupigwa picha ambayo huenda wanawe wakaitundika ukutani baada yake. Kwenye ngozi nyeusi, taa ikisogea upana wa vidole viwili tu, mng'ao wa paji la uso huhama, na macho yaliyozama kivulini hutokeza. Ukilazimika kusimama, kulegeza, kushika na kukaza upya, mzee atakuwa amekwisha kukaza uso pia. Umepata mwanga uliouhitaji, lakini mtu uliyemwona dakika moja iliyopita hayupo tena.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa barua kuukuu, sarafu, vyombo, na kila kitu kisichochoka kungoja, nunua mkono wa wenzo, wala hutajuta. Kwa uso wa binadamu, tafuta mkono wa springi uliopimiwa taa yako, hata kama taa yenyewe itakuwa ndogo. Na kama yupo kijana anayetaka kujifunza kazi, mpe yeye ashike taa. Huyo unamwambia "kidogo tu" akaelewa, na siku moja atajua mwenyewe mahali pa kuiweka.