Vijana Hawakuziba Masikio

Mara nyingi twasikia lawama hii katika mikutano ya parokia zetu, hapa Musienene na hata Butembo: vijana hawasikilizi tena. Matangazo yasomwa kanisani, redio yasema asubuhi na jioni, barua za Baba Askofu zatolewa, lakini kijana ameinamia telefone yake kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Wazee wengine wasema ni uvivu, wengine wasema ni mambo ya dunia. Sisi twaona kwamba lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini sehemu kubwa yake yafaa iwaendee wale wanaosema, si wale wanaoambiwa.

Tufikiri kwanza jinsi habari ilivyokuwa ikisafiri huku kwetu. Tangu Mapadri Waasumpsionisti walipofika katika mwaka 1929, neno lilikuja kwa miguu. Mwalimu wa dini alipanda kilima, akapiga kengele, akafundisha, na aliyekuwa na swali alimngojea mlangoni. Baadaye ikaja redio, na redio ilikuwa ya baba. Baba alinunua batri, baba alichagua saa na kituo, na watoto walikaa kimya mpaka habari zilipokwisha. Hata leo Redio Moto ya jimbo letu yawafikia akina mama shambani na ndugu waliokimbia vita, pengine mahali ambapo mtandao haufiki, na mtu asiidharau kazi hiyo. Lakini nyumbani mambo yamegeuka. Habari ikija, sasa ni baba anayemwita mtoto: «Hebu fungua, tusikie wanasema nini.» Tena mtoto huyo hakuzoea habari isiyokubali jibu. Akipata neno, auliza. Asipojibiwa hapo, aenda kuuliza penginepo.

Je, ni jambo dogo? Sisi watu wa Beni na Butembo twajua bei yake.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018. Redio zikasema, vipaza sauti vikazunguka mitaani: oshani mikono, msiguse maiti, mpelekeni mgonjwa upesi. Yote yalikuwa kweli. Lakini mengi yalisemwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabu, na bibi wa kijijini aliyejua Kinande tu alipata nusu ya habari. Katika Septemba ya mwaka ule wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na zaidi kidogo ya robo yao walijibu kwamba ugonjwa huo hauko kabisa. Watu hao walikuwa wamesikia matangazo sawasawa, ila hawakuyasadiki.

Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, ikatangazwa kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wenzao siku nne baadaye, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Wangoje mpaka Machi. Rais akatangazwa Januari bila kura zao. Vijana wakauliza: mbona sokoni twakusanyika, kanisani twakusanyika, shuleni twakusanyika, ila kura peke yake ndiyo yenye Ebola? Swali hilo halikuwa la kijinga, ndugu wasomaji. Lilistahili jibu. Kipaza sauti hakikuwa na jibu, kwa kuwa kipaza sauti kina mdomo bila sikio. Kesho yake kilipita tena na maneno yale yale ya kuosha mikono. Lakini katika telefone majibu yalikuwa tele: kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa, kwamba umeletwa ili kuwamaliza Wanande. Sauti ya mtu asiyejulikana ilitoka Butembo ikafika Lubero kabla ya chakula cha jioni. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kikashambuliwa, na tarehe 27 kile cha Butembo. Hatusemi kwamba telefone ndiyo iliyochoma moto. Nchi yetu ina majeraha ya siku nyingi. Lakini ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa.

Nani basi aliyesadikiwa? Kwa maoni yetu, ni wale waliougua wakapona. Walirudi mitaani, wengine wakawalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hawakuwa na maneno mazuri kuliko ya redio. Lakini mtu aliweza kuwauliza: walikudunga nini? uliona wafu wangapi? ni kweli wanatoa viungo? Nao wakajibu wakiwa wazima, mbele ya macho yake.

Sasa tutazame yanayofanyika leo. Katika parokia moja tuijuayo waliunda grupu la WhatsApp kwa ajili ya vijana, na watu wakasifu maendeleo. Basi mtu apiga picha karatasi ya matangazo, ile ile iliyosomwa Misani, aituma. Tena grupu limefungwa: wasimamizi watatu tu wanaweza kuandika, ili pasiwe na fujo! Vijana wamefanya nini? Wameunda grupu lao kando, na huko ndiko wanakoyajadili matangazo ya parokia, bila padri, bila katekista, bila mwuguzi, bila mtu mzima hata mmoja. Kumbe fujo ipo, ila wakubwa hawaioni.

Vijana nao wana kosa lao, wala hatutawabembeleza. Kutuma mbele sauti ambayo hukuisikiliza mpaka mwisho, yenye habari kwamba adui ameingia kijiji fulani, na watu wakakimbia usiku na watoto wakaumia njiani, hiyo ni dhambi juu ya amri ya nane, hata kama kidole kimoja tu ndicho kilichofanya kazi.

Lakini wanajua kusikiliza. Tarehe 2 Februari 2023 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Alikuwa mzee wa miaka 86, ameketi katika kiti cha magurudumu, akisema Kiitaliano kwa njia ya mkalimani. Wataalamu wa matangazo wangekataa msemaji wa namna hiyo. Naye aliwaambia watazame mikono yao, akahesabu mafundisho juu ya vidole vitano, akawashikisha mikono, akawaacha waitike. Aliwaonya pia kwamba kugusa kioo cha telefone hakutoshi kuwa maisha, wala hawakuchukizwa. Filipo naye, katika Matendo ya Mitume, alipolifikia gari la yule Mhabeshi hakuanza na tangazo. Alianza na swali, kisha akapanda akaketi naye.

Kwa hiyo twapendekeza kwa mabaraza ya parokia jambo moja la kujaribu: grupu lifunguliwe kila Dominika kuanzia saa nane mpaka jioni, wawepo katekista, mwuguzi na vijana wawili wenye busara, na maswali yajibiwe kwa Kinande na Kiswahili. Yasiyojulikana, waseme wazi kwamba hayajulikani bado. Maswali mazito zaidi yapelekwe redioni, yasomwe na kujibiwa katika juma lile lile, ili hata mama asiye na telefone ayasikie. Lipo bado shauri la mega, kwa maana katekista wengi hawana mshahara. Nazo mega za Dominika moja sharti zitoke katika sadaka, kama mafuta ya pikipiki ya Padri Paroko yanavyotoka.