Kumpima Msemaji Kabla Hajafungua Kinywa

Mtu anapokuja Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kuzungumza juu ya kolera, maandalizi yake mimi siyapimi kwa karatasi alizoshika. Nauliza kwanza amechagua siku gani. Wavuvi wa ziwa hili huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawazifuati taa hizo, na wengi hubaki nyumbani. Aliyewaita wavuvi siku hizo anawajua. Aliyewaita asubuhi baada ya usiku wa giza atahutubia watu wanaosinzia.

Projekta siipi alama yoyote. Natazama mikono. Maji ya kumpa anayeharisha, wakati akipelekwa kituo cha afya, yana kipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msemaji hodari huja na chupa aliyokwisha kuihakikisha kwamba ni lita kweli, na sukari huisawazisha kwa kidole mbele ya akina mama. Anayesema “chumvi kidogo” hajajiandaa, hata kama ana sauti ya kupendeza. Kidogo cha nani? Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Halafu lugha. Mjini Kiswahili kinatosha, lakini vijijini wapo wazee wanaotaka kuelezwa kwa Kibembe, na Lusenda, penye kambi ya wakimbizi Warundi tangu 2015, utahitaji Kirundi. Mkalimani akikwama kila sentensi, ujue yeye na msemaji wamekutana mlangoni. Walioketi pamoja jana yake wamekwisha kupunguza hotuba nusu, maana kila neno litasemwa mara mbili. Na hiyo nusu nayo iwe na toleo fupi zaidi, kwa sababu chifu na mchungaji watasalimia kwanza, na kuwakatiza ni utovu wa adabu.

Lakini alama nyingi naziweka kwenye swali moja ambalo lazima liulizwe: bomba likikauka, tunywe nini? Ziwa liko pale pale, bure. Anayerudia tu kwamba maji ya ziwa yana hatari amewaacha watu walipokuwa. Aliyejiandaa alikwenda mapema kupanga foleni na wenye mabido ya kuchotea maji: anataja bomba gani linatoa maji, saa ngapi, na nyumbani dawa ya maji inatiwa kiasi gani kwa bido la lita 20.